Maziwa ya Magamba na Chaji Isiyosafiri

Katika chuo cha ualimu ninachofundisha huku Bumula, somo la kwanza la fizikia huanza kwa bilauri ya maji na tone moja la wino. Tone likishaanguka, wanachuo huinama wakatazama jinsi wino unavyojinyosha kama nyuzi, nyuzi zikawa wingu, na wingu likaenea hata maji yote yakawa na rangi moja. Hapo huwaambia kwamba hivyo ndivyo ulimwengu ulivyo: joto husambaa, harufu husambaa, na chaji ya umeme husambaa. Mwaka mmoja mwanachuo aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, je, hakuna kitu ambacho tone likiangukia ndani yake hukaa pale pale, lisienee kamwe?" Nilikuwa na haraka, kengele ilikuwa karibu kulia. Nikamjibu kwamba hakuna, tena nikamwambia ayasome upya maelezo ya ubaoni. Wenzake wakacheka kidogo, naye akaketi.

Jibu langu lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa tangu mwaka 1958, miaka mingi kabla sijazaliwa, na mtu aliyelionyesha kosa hilo alipata tuzo kubwa kupita zote za elimu yetu. Historia ninayotaka kuisimulia hapa ni ya swali lile lile la mwanachuo wangu: je, chaji iliyowekwa mahali pamoja, ndani ya kitu kisicho na utaratibu, lazima isambae? Na kwa kuwa historia hiyo imekuja kukutana na maswali ya mwanafunzi mmoja wa Tanganyika, naye pia alichekwa na darasa zima, nitaomba ruhusa ya kuyaeleza yote mawili.

Tuanze na wale walioamini kwamba kila kitu husambaa, kwani walikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alitoa kitabu juu ya mwendo wa joto, akaonyesha kwa hesabu kwamba joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kadiri tofauti ilivyo kubwa ndivyo mwendo ulivyo wa kasi. Miaka 5 baadaye Georg Ohm, mwalimu wa shule mjini Köln, aliichukua njia ya Fourier akaitumia kwa umeme. Kanuni yake, ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huikariri siku hizi, ilipokewa kwa ubaridi mkubwa katika nchi yake mwenyewe. Ilimpasa angoje mpaka mwaka 1841 ndipo Waingereza walipomtunukia nishani ya Copley. Kisha Albert Einstein, mwaka 1905, alieleza msambao kwa hatua za vijipande vidogo vinavyosukumwa huku na huku bila mpango.

Mfano wake ni rahisi. Mfunge mtoto kitambaa machoni, umweke katikati ya uwanja wa mpira, na umwamuru apige hatua moja moja upande wowote autakao. Baada ya hatua 100 atakuwa, kwa wastani, umbali wa hatua kama 10 tu kutoka pale alipoanza. Ukitaka afike umbali wa hatua 100, yakupasa umwache apige hatua 10,000. Mwendo huo ni wa polepole mno, walakini haukomi. Ukiwa na subira ya kutosha, mtoto huyo atafika kila pembe ya uwanja.

J. J. Thomson alipoigundua elektroni mwaka 1897, wataalamu walipata kijipande chenye chaji cha kuwekwa mahali pa mtoto yule. Mwaka 1900 Paul Drude alieleza waya wa shaba kama uwanja ambao elektroni hukimbia zikigonganagongana na atomu. Baadaye ikajulikana, kwa kazi ya Louis de Broglie ya mwaka 1924, kwamba elektroni ina tabia za wimbi. Na mwaka 1928 kijana Felix Bloch akathibitisha kwamba wimbi la elektroni likipita ndani ya atomu zilizojipanga sawasawa kabisa, halizuiliwi hata kidogo. Msomaji wa huku kwetu ataelewa upesi akilikumbuka shamba la miwa. Ukisimama mwanzoni mwa shamba lililopandwa kwa mistari iliyonyoka, jicho lako hupenya hata mwisho. Ni muwa uliopinda, au ulioota nje ya mstari, unaokuzuia kuona. Basi kizuizi cha umeme ndani ya waya ni uchafu na mparaganyiko, pamoja na kutetemeka kwa atomu kunakoletwa na joto.

Kutokana na hayo watu wote walifikiri hivi: uchafu kidogo hupunguza mwendo wa chaji kidogo, uchafu mwingi huupunguza sana. Hakuna aliyefikiri kwamba uchafu peke yake, pasipo ukuta wala kizibo, waweza kuukomesha mwendo kabisa.

Katika miaka ya 1950 kampuni ya simu ya Marekani ilikuwa na maabara mashuhuri katika jimbo la New Jersey, iliyoitwa Bell. Hapo alikuwapo mtaalamu wa majaribio, George Feher, aliyekuwa akichunguza silikoni iliyotiwa chembe chache za fosforasi. Kila atomu ya fosforasi huja na elektroni moja ya ziada, na elektroni hiyo ni kama sumaku ndogo sana. Atomu hizo za fosforasi hazikai kwa mistari. Zimetupwa ovyo ndani ya silikoni kama mbegu zilizomwagika mfukoni mwa mkulima. Feher aliweza kuzigeuza baadhi ya sumaku hizo ndogo, akangoja kuona badiliko hilo likipokezwa kutoka jirani hadi jirani, kama wino majini. Halikupokezwa. Lilikaa lilipowekwa kwa muda mrefu kupita matazamio yote.

Katika maabara hiyo hiyo alikuwapo Philip Anderson, mtu wa hesabu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 34. Alilichukua jambo la Feher akalifanyia kazi, na mwaka 1958 akachapisha makala ambayo jina lake laweza kutafsiriwa kuwa kukosekana kwa msambao katika vimia fulani visivyo na utaratibu. Maneno matatu ya kwanza yatosha: kukosekana kwa msambao. Hakusema upungufu wala uchelewaji.

Sababu yake ni tabia ya mawimbi, na hapo mtoto wetu wa uwanjani hatufai tena. Fikiri badala yake mtu asimamaye kati ya mawe ya vilima vya Sang'alo akipiga ukelele. Sauti hugonga jiwe hili, ikarukia lile, ikarukia la tatu, ikamrudia. Lakini sauti hiyo hiyo pia huizunguka njia hiyo kinyume: huanza na jiwe la tatu, ikaja la pili, ikaishia la kwanza. Njia hizo mbili zina urefu ule ule, kwa hiyo mawimbi yake humrudia mpigaji kwa pamoja, kilele juu ya kilele, yakaongezana nguvu. Lakini mwangwi unaokwenda mbali hupita njia za urefu mbalimbali, ukafika kilele juu ya bonde, nao hujifuta. Palipo na mawe mengi ya kutosha yaliyotawanyika ovyo, nguvu ya kurudi hushinda nguvu ya kwenda. Wimbi hubaki limezunguka mahali lilipozaliwa, likidhoofika kwa kila hatua utokayo hapo. Chaji iliyowekwa humo hutuama kama maji ya kisima.

Watu wachache waliiamini makala hiyo wakati ule, na wachache zaidi waliuona umuhimu wake. Anderson mwenyewe aliyasema hayo mwaka 1977, alipokuwa akitoa hotuba ya tuzo ya Nobel aliyoipata pamoja na Nevill Mott na John Van Vleck. Mott alikuwa ameonyesha mwaka 1961, pamoja na mwenzake Twose, kwamba katika waya mwembamba kabisa, wenye njia moja tu ya kwenda na kurudi, hata uchafu mdogo hukomesha mwendo. Mwaka 1979 Anderson na wenzake watatu walitoa hoja kwamba hata katika utando bapa mambo ni hayo hayo, mradi elektroni hazisukumani.

Neno hilo la mwisho, kusukumana, ndilo lililoacha mlango wazi. Hesabu ya Anderson ilikuwa ya elektroni moja peke yake. Lakini elektroni zote zina chaji ya namna moja, na chaji za namna moja huchukiana. Ndani ya kitu halisi kila elektroni inaisukuma jirani yake, na jirani anaisukuma nyingine, bila kupumzika.

Nitaeleza ugumu wa jambo hili kwa mfano wa soko. Ndani ya kitu chenye mparaganyiko kila kiti cha elektroni kina bei yake. Elektroni ikitaka kuhama kutoka kiti cha bei hii kwenda kiti cha bei ile, lazima ilipe au irudishiwe tofauti ile kamili. Maumbile hayakopeshi wala hayapunguzi hata senti. Elektroni iliyo peke yake haina pa kupata chenji, kwa hiyo hubaki ilipo. Lakini zikiwa nyingi na zinasukumana, moja yaweza kumpa mwenzake ziada yake: huyu anapanda, yule anashuka, hesabu inakaa sawa, na wote wawili wamehama. Je, katika soko lenye watu wengi chenji haitapatikana siku zote, hatimaye? Wengi walifikiri itapatikana. Waliamini kwamba kusukumana kutaifungua kufuli ya Anderson, na chaji itasambaa kama wino, ingawa kwa kuchelewa.

Kabla ya kulifuata jibu, sina budi kumpeleka msomaji kusini, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu swali jingine lililokuja kukutana na hili lilizaliwa huko miaka 5 tu baada ya makala ya Anderson.

Katika milima ya Usambara, karibu na Lushoto, iko shule ya sekondari ya Magamba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu hapo. Wavulana walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika jokofu la shule. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alipokuwa akichemsha maziwa yake, mwenzake mmoja alichanganya sukari na maziwa mabichi akakimbilia jokofu ili asikose nafasi. Mpemba akaona kwamba akingoja yake yapoe atanyimwa mahali, basi akayaingiza yakiwa ya moto, akikubali hatari ya kuliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwendea mwalimu wake wa fizikia kumwuliza sababu. Mwalimu akamwambia kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akaamini, kama wanafunzi wengi waaminivyo. Lakini baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba yeye huyatia maziwa yakiwa moto kwa sababu huganda upesi zaidi. Kumbe wauzaji wa Tanga walikuwa wakijua jambo ambalo madarasani halikuwapo.

Alipopanda kwenda shule ya Mkwawa, Iringa, walifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa. Mpemba akauliza tena. Mwalimu wa hapo naye alimwambia kwamba amechanganyikiwa, na Mpemba aliposhikilia neno lake, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, darasa lilimpigia kelele kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Nimelifikiri sana jambo hili. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa na kanuni mkononi, na kanuni ile ni ya kweli mahali pake. Alikuwa, kwa neno moja, mtu kama mimi siku ile ya bilauri.

Mpemba hakuacha. Alipoikuta maabara ya biolojia ikiwa wazi, alichukua vyombo viwili vidogo, kimoja akatia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika jokofu, na kwa macho yake akaona barafu zaidi upande wa moto. Ndipo alipokuja shuleni mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya hotuba wanafunzi waliruhusiwa kuuliza. Mpemba akasimama akauliza: maji ya ujazo mmoja katika vyombo viwili vinavyofanana, haya yenye joto la digrii 35 na haya yenye digrii 100, yakiwekwa katika jokofu, yale ya digrii 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakaangua kicheko, wengine wakaona aibu mbele ya mgeni.

Osborne hakuamini pia. Lakini alimwuliza kama ni kweli amelijaribu mwenyewe, akaambiwa ndiyo, akaahidi kulijaribu. Dar es Salaam alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli kweli, lakini asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia mpaka yapatikane majibu sahihi. Kila mwenye kufundisha sayansi yampasa acheke hapo, kisha anyamaze kidogo. Majaribio yaliporudiwa yalileta jambo lile lile, na ikaonekana pia kwamba utando wa mafuta juu ya maji uliweza kuchelewesha kuganda kwa saa kadhaa, maana sehemu kubwa ya joto ilikuwa ikitokea juu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza, na humo Osborne alitaja hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori huko Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa katika maliasili.

Jambo hilo halikuwa geni kabisa duniani. Aristotle, Bacon na Descartes walilitaja kila mmoja kwa namna yake. Lakini wote hao walikuwa wamesahauliwa juu ya neno hili, na jina lililobaki katika vitabu ni la mvulana wa Magamba. Na yanipasa kuwa mkweli: juu ya maji, ubishi haujaisha. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa makini wakaona kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kwatosha kuleta au kuondoa ushindi wa maji ya moto. Maji ni kitu chenye mambo mengi: huvukiza, huzunguka chomboni, hubeba hewa.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu waliliondoa swali la Mpemba katika maji wakalitia katika mambo safi zaidi. Waliliuliza hivi: vitu viwili vikiwa mbali na utulivu, kimoja mbali zaidi, je, yawezekana kile cha mbali zaidi kifike kwanza? Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba yawezekana. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, walilithibitisha kwa punje ndogo inayoelea majini na kusukumwa kwa mwanga. Njia ya kwenda kwenye utulivu ina makorongo na njia za mkato, na aliye mbali zaidi aweza kuanzia mahali panapomwepusha na korongo refu.

Turudi sasa sokoni kwa elektroni zetu. Mwaka 2006 Basko, Aleiner na Altshuler walichapisha hesabu ndefu ya chenji ile, na mwaka mmoja kabla yao Gornyi, Mirlin na Polyakov walikuwa wamefikia jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Majibu yao yaliwashangaza wengi: uchafu ukiwa mwingi wa kutosha na nguvu za kusukumana zikiwa ndogo, chenji kamili haipatikani. Elektroni ni nyingi, zinasukumana, na bado kila moja imekaa kitini pake. Kufuli ya Anderson haikufunguka.

Mwaka 2015 maabara ya Immanuel Bloch mjini München ililijaribu jambo hilo. Hawakutumia elektroni. Walitumia atomu za potasiamu, zilizopozwa karibu na baridi ya mwisho kabisa na kushikwa na miali ya leza kama mayai katika trei. Msomaji asishangae kwamba tunaacha chaji tunashika atomu. Hesabu haijali jina la kitu. Inajali kwamba kitu hicho hakiongezeki wala hakipungui, bali huhama tu, na chaji ndiyo mfano mkuu wa vitu vya namna hiyo. Waliziweka atomu katika mashimo ya namba shufwa, mashimo ya witiri yakawa matupu. Kisha wakaziachia. Leza ya pili, ambayo mawimbi yake hayakupatana na ya kwanza, ilitumiwa kuzivuruga bei za mashimo. Ilipokuwa dhaifu, atomu zilihama na mpangilio wa shufwa na witiri ukafutika upesi. Ilipotiwa nguvu, mpangilio ulidumu, ingawa atomu zilikuwa zikisukumana. Tone la wino lilikuwa limekaa lilipoanguka.

Wataalamu wa mambo haya ni watu wa kubishana, na ubishi wao unaendelea. Mwaka 2017 De Roeck na Huveneers walitoa hoja kwamba katika kitu kikubwa sana kutakuwako, kwa bahati tu, kijisehemu chenye uchafu haba. Hapo chenji inapatikana, majirani wanachota humo, nao wanawapa majirani zao, mpaka soko lote linafunguka kama maporomoko. Katika njia moja nyembamba maporomoko hayo huweza kuzuiwa. Katika utando au bonge, hoja yao yasema hayazuiliki, hata kama ni baada ya muda mrefu kupita kiasi. Na tangu mwaka 2019 kikundi cha wataalamu wa Slovenia kimetilia shaka hata njia nyembamba. Mashine za hesabu husaidia kidogo tu, kwani kila chembe inayoongezwa huzidisha kazi maradufu. Chembe 20 na ushei ndizo zinazohesabika kikamilifu, na kipande kidogo cha silikoni kina atomu zisizohesabika.

Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana. Mwaka 2023 Filiberto Ares, Sara Murciano na Pasquale Calabrese walitoa makala mjini Trieste, Italia, juu ya chaji katika mnyororo wa chembe za kwanta. Trieste ndio mji ambamo Abdus Salam wa Pakistan alianzisha mwaka 1964 kituo cha fizikia kwa ajili ya wataalamu wa nchi changa. Kituo hicho kina mshirika wake Kigali tangu mwaka 2018, jambo ambalo kijana wa Bungoma mwenye hamu ya elimu hii afadhali alijue. Swali lao lilikuwa hili. Katika fizikia ya kwanta kijipande cha mnyororo chaweza kuandaliwa kisiwe na hesabu moja ya chaji. Ni kana kwamba kina tatu na nne kwa pamoja. Mnyororo ukiachwa, mchanganyiko huo hufutika kidogo kidogo, na kijipande kikarudia ulinganifu wake. Waliona katika hesabu kwamba kijipande kilichochanganyika zaidi chaweza kurudi mapema kuliko kilichochanganyika kidogo. Wakaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Mwaka 2024 maabara ya Innsbruck, Austria, ililiona kwa macho katika ayoni 12 za kalsiamu zilizopangwa mstari mmoja. Na mwaka huo huo wataalamu wa China, wakiongozwa na Shuo Liu, walilipeleka swali la Mpemba ndani ya mnyororo wenye mparaganyiko, mahali pale ambapo chaji imefungwa isisafiri. Mtu angedhani kwamba palipofungwa kila kitu hakuna mashindano ya kufika. Hesabu yao yasema vingine: mpangilio wa chaji wabaki mahali pake, wino hauenei, lakini mchanganyiko ule wa tatu na nne hufutika hata humo, na aliyechanganyika zaidi hutangulia kusafika. Swali la jokofu la Magamba na swali la silikoni ya New Jersey yalikuwa yamekaa katika ukurasa mmoja.

Nilipokwisha kuyasoma hayo nilimtafuta yule mwanachuo, aliyekuwa amebakiza muhula mmoja, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kitu alichokiuliza kiko, nikawaeleza silikoni ya Feher na mawe ya Sang'alo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama twaweza kulijaribu lile la Mpemba, kwa kuwa silikoni hatuna.

Mwenye duka mmoja sokoni alituazima jokofu lake kwa siku 5. Tulitumia vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, kimoja cha maji ya kisima na kingine cha maji yaliyotoka jikoni yakitoa mvuke. Siku ya kwanza maji ya moto yaliganda kwanza, na darasa likashangilia. Siku ya pili ya baridi yalitangulia. Siku ya tatu umeme ulikatika kabla ya saa sita na mwenye duka akatuuliza nani atamlipia maziwa yake. Siku ya nne yalitangulia ya moto, ya tano ya baridi, ingawa siku hiyo kikombe kimoja kilikuwa kimesogezwa na chupa za soda. Mwanachuo ameyaandika yote matano katika daftari lake, pamoja na siku ya umeme, na chini yake amechora mahali vikombe viliposimama kila siku, akapima umbali wake kutoka ukutani kwa rula.